Ubao, Redio na Kompyuta: Historia ya Zana za Kufundishia na Darasa la Keshero

1.0 Utangulizi

Keshero ni mtaa ulioko upande wa magharibi wa mji wa Goma, kando ya barabara iendayo Sake, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini. Ardhi yake ni mawe meusi ya volkano, na nyumba zake nyingi, kama zilivyo nyingi za mji huo, ni za mbao. Mtoto wa Keshero huzungumza Kiswahili njiani, sokoni na uwanjani, hata kama nyumbani kwao husemwa Kihunde, Kinande, Kishi au Kinyarwanda. Aingiapo darasani hukutana na Kifaransa. Kati ya lugha hizo mbili ndipo anaposimama mwalimu, na kwa muda mrefu zana yake kuu imekuwa ubao na chaki.

Katika miongo ya karibuni shule za Afrika Mashariki na Kati zimeahidiwa mengi kwa jina la teknolojia: redio, televisheni, kompyuta, vishikwambi na intaneti. Kila chombo kilipokuja kilitangazwa kuwa ndicho kitakachoponya upungufu wa vitabu na wa walimu. Baadhi ya vyombo hivyo vilifanya kazi kubwa. Vingine viliishia kabatini. Makala haya yanapitia historia hiyo, kuanzia pwani hadi maziwa makuu, ili kujibu swali moja: ni nini kilichoamua hatima ya kila zana? Dai la makala ni kwamba uwezo wa chombo chenyewe haujawahi kutosha. Yaliyoamua ni mambo matatu, nayo ni lugha inayotumiwa na chombo, nafasi anayopewa mwalimu, na uwezo wa wenyeji wa kukitunza baada ya waliokileta kuondoka. Kwa darasa la Keshero, ambalo limezoea vita na volkano, mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama somo litakuwapo au halitakuwapo.

2.0 Ubao na Kitabu

Neno teknolojia linapotajwa, fikira za wengi huenda kwenye mashine. Kihistoria, hata hivyo, ubao nao ni teknolojia, tena ni ile iliyofaulu kuliko zote. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto aliandika aya kwa wino juu ya ubao wake, akaisoma mpaka ikamkaa moyoni, kisha ubao ukaoshwa ili uandikwe upya. Seremala wa mtaani aliweza kuutengeneza, na mwalimu ndiye aliyeamua lini uoshwe. Ubao mweusi wa ukutani, ulioenezwa na shule za misheni na za serikali za kikoloni, ulirithi jina hilo pamoja na sifa hizo. Jambo jipya ulilolileta ni kuliwezesha darasa zima kutazama jambo moja kwa wakati mmoja.

Kitabu kilichopigwa chapa kilikuwa na historia tofauti, kwa kuwa kilitegemea mtambo, karatasi na uamuzi juu ya lugha. Wamisionari wa UMCA walipohamia Unguja mwaka 1864, Edward Steere alianza kazi ya kukusanya, kutafsiri na kuchapisha maandishi ya Kiswahili. Tarehe 1 Januari 1930 iliundwa Kamati ya Lugha iliyoziunganisha nchi nne, yaani Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda. Mojawapo ya kazi za Kamati hiyo ilikuwa kukagua vitabu vya shule ili vifuate Kiswahili Sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja. Kwa njia hiyo kitabu kimoja kiliweza kusomwa Mombasa na Kigoma vilevile.

Kongo ya Wabelgiji haikuwa miongoni mwa nchi hizo nne. Kiswahili kilikuwa kimekwisha fika huko katika karne ya 19 kwa misafara ya wafanyabiashara walioweka makao Nyangwe na Kasongo, na aina yake ikajulikana kwa jina la Kingwana. Kwa hiyo mpaka wa kikoloni haukuwa mpaka wa lugha, lakini uligeuka kuwa mpaka wa vitabu. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 pengo hilo lilipanuka. Mageuzi ya elimu ya mwaka 1962 yalikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire waliokutana Lubumbashi walitetea matumizi ya lugha za kitaifa shuleni, na katika miaka hiyo lugha hizo zikarudishwa katika madarasa ya mwanzo. Katiba ya mwaka 2006 inazitaja nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo ilizipa nafasi katika shule za msingi.

Sheria hizo zote zilihitaji vitabu. Lugha iliyoruhusiwa darasani bila kuwa na kitabu hubaki lugha ya maelezo ya pembeni: mwalimu huandika Kifaransa ubaoni, kisha hugeuka na kufafanua kwa Kiswahili. Mwanafunzi huelewa kwa lugha moja na kupimwa kwa nyingine. Hali hii ilikuwapo kabla ya mashine yoyote kuletwa, na kila mashine iliyokuja baadaye iliikuta hapo.

3.0 Sauti ya Redio

Redio ilikuwa chombo cha kwanza kilichoweza kumfikia asiyejua kusoma. Mfano ulio bora katika eneo hili ni kampeni ya Mtu ni Afya iliyoendeshwa nchini Tanzania mwaka 1973. Ilikuwa kampeni ya elimu ya watu wazima, lakini namna ilivyopangwa inawahusu pia walimu wa watoto. Takriban watu milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na viongozi hao walikadiriwa kuwa 75,000. Kipindi kiliposikilizwa, kijitabu kilisomwa kwa sauti, kikundi kikajadili, kisha kikaamua la kufanya, kama vile kuchimba vyoo au kusafisha visima. Mwaka 1975 utaratibu huohuo ulitumika katika kampeni ya Chakula ni Uhai.

Ni dhahiri kwamba redio haikufanya kazi peke yake. Ilikuwa mguu mmoja wa kigoda chenye miguu mitatu, yaani sauti, kijitabu na kiongozi. Vyote vitatu vilitumia Kiswahili, na vikundi viliweza kuendelea na mjadala hata redio ilipozimwa.

Hatua ya pili ilikuja kutoka mbali. Kati ya miaka 1974 na 1979 wataalamu walijaribu nchini Nicaragua kufundisha hisabati kwa redio ya kujibizana. Katika mbinu hiyo msomaji wa kipindi huuliza swali, kisha hunyamaza kwa sekunde chache. Watoto hujibu kwa pamoja, au huandika, au husimama na kutenda. Sauti hurudi na kutoa jibu sahihi. Mwalimu huwa darasani na kitabu cha mwongozo, akiandaa darasa kabla ya kipindi na kuendeleza somo baada yake. Mbinu hiyo ilitumika Kenya katika mradi wa kufundishia Kiingereza wa miaka 1980 hadi 1985, na wanafunzi waliosikiliza walionekana kupata maendeleo katika kusikia na kusoma.

Kuanzia mwaka 2006 Zanzibar ilitumia mbinu hiyo kwa Kiswahili, katika vipindi vya watoto wadogo vilivyojulikana kama Tucheze Tujifunze. Vipindi hivyo vilitumika hata katika vituo vya vijijini ambamo watoto walilelewa na watu waliochaguliwa na jamii yao na kupewa mafunzo mafupi. Hapa pana funzo la pekee. Redio ilimwongoza mlezi asiye na cheti, hatua kwa hatua, huku ikimwachia kazi ya kuwatazama watoto, kuwatuliza na kuwasaidia. Laiti sauti hiyo ingekuwa ya lugha ngeni, mlezi angegeuka msikilizaji kama watoto wake.

4.0 Televisheni, Kompyuta na Vishikwambi

Vyombo vya picha vilikuja na gharama nyingine. Nchini Ivory Coast serikali ilianzisha mwaka 1971 mpango mkubwa wa kufundisha shule za msingi kwa televisheni. Masomo yaliandaliwa mahali pamoja na kurushwa kwa Kifaransa, nazo shule zisizo na umeme ziliwekewa betri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango huo uliachwa. Gharama zilikuwa kubwa, wazazi na walimu waliulalamikia, na mwalimu alikuwa amepunguzwa kuwa mtu wa kuwasha na kuzima.

Kwa Keshero mfano ulio karibu zaidi ni wa Rwanda, nchi inayoanza kilomita chache tu kuelekea mashariki, ng'ambo ya mpaka wa Goma na Gisenyi. Kuanzia mwaka 2008 Rwanda ilipokea kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child, na katika miaka iliyofuata zilizogawiwa zilizidi 200,000. Mwaka huohuo wa 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa. Basi walimu wengi walipaswa kujifunza chombo kipya na lugha mpya kwa pamoja. Mwalimu aliyekuwa na miaka 20 ya kazi alijikuta mwanafunzi mara mbili mbele ya watoto wake.

Kenya nayo iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013. Kuanzia mwaka 2016 vilisambazwa vishikwambi, na idadi yake ilizidi milioni moja katika shule za msingi za umma. Vilikuwa imara, vyenye masomo ndani yake, na serikali ilikuwa imetangulia kupeleka umeme katika maelfu ya shule. Hata hivyo, shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, vishikwambi vingi vilibaki vimefungiwa shuleni wakati watoto wako nyumbani. Chombo kilichokuwa kimehesabiwa kuwa mali ya shule kilihofiwa kupotea, na kwa hofu hiyo hakikutumika siku kilipohitajiwa zaidi. Katika miezi hiyo watoto wengi walifikiwa tena na redio na televisheni.

Pamoja na hayo, picha si adui wa somo. Mwezi Januari 2014 kipindi cha katuni cha Ubongo Kids kilianza kurushwa nchini Tanzania. Kilifundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, kwa hadithi na nyimbo, kupitia televisheni za kawaida zilizokwisha kuwamo majumbani. Hakikumtaka mzazi wala shule kununua kifaa kipya. Tofauti ya mradi huu na ule wa Ivory Coast haiko kwenye kioo cha televisheni. Iko kwenye lugha, na pia kwenye ukweli kwamba kipindi kilimwachia mwalimu darasa lake.

5.0 Darasa la Keshero

Mifano hiyo ikirudishwa Keshero hukutana na mazingira magumu kuliko ya Unguja au Nairobi. Mlima Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Mlipuko wa 2002 ulipitisha lava katikati ya Goma hadi ziwani na kufunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji, shule zikiwamo. Siku chache baada ya mlipuko wa 2021, wakazi wa mitaa kadhaa waliamriwa kuhama, na wengi wao walishika barabara ya Sake wakiwa na kile walichoweza kubeba. Mwaka 1994 barabara hiyohiyo ilipitiwa na wakimbizi wa Rwanda waliokwenda katika kambi ya Mugunga. Tangu mwaka 2022 vita vya M23 vilileta wimbi jingine la waliohamishwa, na mwishoni mwa Januari 2025 mji wenyewe ulitekwa. Madarasa katika Goma yamewahi kuwa mabweni ya wakimbizi zaidi ya mara moja.

Kuhusu umeme, mji ulitegemea kwa miaka mingi nguvu kutoka mto Ruzizi, upande wa Bukavu, nazo hazikutosha. Mwaka 2015 kituo cha Matebe, kilichojengwa Rutshuru kwa mpango wa hifadhi ya Virunga, kilizinduliwa kikiwa na uwezo wa megawati zaidi ya 13. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilifungua Goma mtambo wa nguvu za jua wa megawati 1.3. Haya yalikuwa maendeleo ya kweli, na kwa mara ya kwanza yalifanya wazo la kompyuta ya shule liwe wazo la kawaida. Lakini mapigano ya Januari 2025 yalikata umeme, maji na intaneti katika sehemu kubwa za mji. Zana yoyote inayodai umeme wa kila saa na mtandao wa kila dakika huwa ya kwanza kunyamaza.

Upande wa shule zenyewe, mwezi Septemba 2019 serikali ya Kongo ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo iliyoahidiwa na Katiba. Watoto waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa ada waliingia shuleni. Madarasa yakafurika, ilhali walimu wengi walikuwa bado hawajaingizwa katika orodha ya mishahara. Miezi sita baadaye, mwezi Machi 2020, shule za nchi nzima zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilirusha vipindi vya masomo kwa ushirikiano na UNICEF na wizara. Kwa mara nyingine, palipotokea dharura, chombo kilichokuwa tayari ni kile ambacho watu walikuwa nacho, walichojua kukitumia, na kilichoweza kuendeshwa kwa betri.

Kivu ya Kaskazini ina mfano wake mwenyewe wa teknolojia inayodumu, nao ni chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba viazi, makaa na magunia ya saruji. Chukudu si chombo chenye kasi kuliko lori. Kinadumu kwa sababu fundi wake hukaa mtaani, mbao zake hupatikana, na kinachovunjika leo hutengenezwa leo. Kipimo hicho kinafaa kuletwa darasani. Kabla ya kuuliza kishikwambi kinaweza kufanya nini, shule ya Keshero inapaswa kuuliza ni nani atakayekitengeneza, kwa vipuri gani, na somo litaendeleaje siku kitakapozimika.

Kuna na swali la lugha, ambalo ni gumu kuliko la betri. Kiswahili cha Goma hutofautiana na Kiswahili Sanifu katika maumbo, kama vile kusema batoto mahali pa watoto. Zaidi ya hayo, hesabu, tarehe na saa mara nyingi hutajwa kwa Kifaransa. Mtoto anayecheka vizuri kwa hadithi ya katuni iliyotoka Dar es Salaam huenda asielewe neno jumlisha au gawanya, si kwa kuwa hajui kujumlisha, bali kwa kuwa jambo hilo amelijua kwa jina jingine. Kwa hiyo vipindi vya Tanzania haviwezi kuhamishwa kama magunia ya mchele. Vinahitaji kutanguliwa na kazi ya istilahi: orodha fupi za maneno ya hisabati na sayansi zinazoweka pamoja neno sanifu, neno la Goma na neno la Kifaransa, ili mwalimu aweze kuvuka kutoka moja hadi jingine bila kumpoteza mtoto njiani. Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2022. Mpaka wa vitabu uliochorwa mwaka 1930 hauna tena sababu ya kisiasa ya kuwapo. Kilichobaki ni kazi ya wanaisimu, waandishi na walimu.

6.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa haiwapi haki wanaoiogopa kompyuta, wala wanaoiabudu. Ubao ulifaulu kwa sababu ulikuwa mikononi mwa mwalimu na fundi wa mtaani. Kampeni ya mwaka 1973 ilifaulu kwa sababu sauti, kijitabu na kiongozi vilisema lugha moja na wasikilizaji. Televisheni ya Ivory Coast ilishindwa ingawa ilikuwa na uwezo mkubwa kuliko redio ya Zanzibar. Vishikwambi vya Kenya vilinyamaza wakati wa haja kwa sababu ya kufuli, si kwa sababu ya ubovu.

Kwa Keshero mpangilio unaofuata kutokana na historia hiyo ni wa hatua kwa hatua. Kwanza ni mwalimu anayelipwa na kupewa mafunzo. Pili ni kitabu cha Kiswahili na orodha za istilahi za kukisindikiza. Tatu ni masomo ya sauti yanayoweza kuhifadhiwa katika simu au redio yenye kadi ya kumbukumbu, yakasikilizwa bila mtandao, darasani au katika kambi. Kompyuta na vishikwambi vije juu ya msingi huo, vikiwa na fundi mjini na masomo yasiyodai intaneti kila mara. Msingi ukikosekana, fedha nyingi zitatumika kununua vyombo vitakavyomkuta mtoto yuleyule akielewa kwa lugha moja na kupimwa kwa nyingine, tofauti ikiwa ni kwamba safari hii ataandikiwa Kifaransa juu ya kioo badala ya ubao.

Idara za Kiswahili za vyuo vikuu, za Kongo na za nchi jirani, zina sehemu yao katika kazi hiyo, kwa kuwa istilahi haziundwi na kiwanda cha kompyuta. Mhandisi anaweza kuleta sauti hadi darasani, lakini maneno yatakayosemwa na sauti hiyo yanasubiri wenye lugha.